Rudisha Blanketi Kabla Jua Halijatua

Masomo: Kutoka 22:25-27, Kumbukumbu la Torati 24:10-17, Amosi 2:8



Ninawasalimu nyote kwa jina la Yesu, kuanzia ninyi mlioko hapa Mantapala hadi ndugu zetu wa Kashikishi na Nchelenge mjini, kando ya ziwa Mweru. Tuko mwezi wa saba, na kila mtu anajua kwamba baridi imefika. Watoto wanakohoa, na wazee hawatoki nje mpaka jua lipande.

Asubuhi moja nilikuwa bado nimelala, nikisikiliza redio. Mtangazaji alisoma hali ya hewa ya miji ya kusini. Huko baridi si kama hii yetu. Katika mwezi huu, usiku wa Livingstone kwa kawaida hushuka hadi karibu digrii 7. Johannesburg hufika karibu digrii 4. Bloemfontein hushuka chini ya sifuri, maji yakaganda. Na mahali panapoitwa Buffelsfontein, katika Rasi ya Mashariki ya Afrika Kusini, tarehe 23 Agosti 2013 ilipimwa baridi ya digrii 20 chini ya sifuri.

Nikawahurumia sana watu wa kusini. Nikamwambia mke wangu, "Mama, leo tuwaombee hawa." Yeye alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Baba, na yule mama mjane, yeye amelala na nini?"

Ndugu zangu, nilikosa jibu. Majuma mawili kabla ya siku ile, mama huyo alikuja kwangu kukopa pesa za unga. Nilimpa. Naye akaniachia blanketi lake liwe rehani. Sikumlazimisha, alilileta mwenyewe, na mimi nikalipokea. Asubuhi ile blanketi lake lilikuwa juu ya miguu yangu.

Ninaandika jambo hili kwa aibu, lakini ninaandika ili tujifunze pamoja. Tutazame mambo matatu.

1. Mungu anajua jinsi baridi inavyofanya kazi

Kwa nini kuna baridi sasa? Mwezi wa sita na wa saba jua linakuwa upande wa kaskazini, na usiku wetu unakuwa mrefu. Tena mvua zimekwisha na mbingu haina mawingu. Mawingu ni kama blanketi la dunia. Yasipokuwepo, joto ambalo udongo ulilipata mchana linapanda juu usiku kucha na kupotea. Ndiyo maana saa ya baridi kali ni alfajiri, karibu na jua kuchomoza. Wavuvi wetu wanajua kwamba maji ya ziwa yanatunza joto kuliko udongo, basi aliye ukingoni anapata nafuu kuliko aliye ndani msituni.

Mungu alipompa Musa sheria aliijua saa hiyo. Alisema ukichukua vazi la mwenzako kuwa rehani, umrudishie kabla jua halijatua. Mchana maskini anaweza kungoja, lakini usiku hawezi. Vazi la watu wale lilikuwa nguo yao ya mchana na blanketi lao la usiku. Na katika mstari wa 27 Mungu mwenyewe anauliza mtu huyo atalala na nini. Ni swali lile lile aliloniuliza mke wangu!

2. Hili si jambo dogo kwa Mungu

Mwaka 1960, karibu na pwani ya Israeli, wachimbaji wa mambo ya kale walipata kipande cha chungu chenye maandishi ya Kiebrania, cha miaka zaidi ya 600 kabla ya Kristo. Ni barua ya mvunaji mmoja kwa mkuu wa mahali pale. Analalamika kwamba msimamizi amemnyang'anya vazi lake, naye anaomba arudishiwe. Wafalme wa zama zile wamepita, lakini kilio cha mtu mmoja juu ya vazi lake kimebaki mpaka leo. Je, Mungu aliyesema katika Kutoka kwamba atamsikia huyo akimlilia, atakuwa amesahau?

Tena Torati inasema mdai asiingie nyumbani mwa mdaiwa kuchukua rehani, asimame nje. Na vazi la mjane lisichukuliwe kabisa. Halafu Amosi anawakemea watu waliojinyosha kando ya madhabahu juu ya nguo za rehani. Niliposoma hapo, nilijiona mimi mchungaji.

3. Sisi tunapaswa kujua kuliko wengine

Wengi wetu tulivuka kutoka Pweto, Moba na Manono mwaka 2017 bila kitu. Mnakumbuka Kenani. Mnakumbuka siku tulipopewa blanketi la kwanza. Mtu aliyepewa bure anawezaje kulishika blanketi la mwenzake? Kuwaombea watu wa Bloemfontein ni vizuri, lakini jirani yako yuko hatua ishirini kutoka mlango wako.

Basi tufanye nini? Aliye na blanketi, nguo au kadi ya mgao ya mtu kwa ajili ya deni, airudishe leo. Sheria haikusema deni limefutwa. Ilisema rehani ya namna hii isilale kwako. Mtakubaliana juu ya deni wakati mihogo itakapouzwa. Na ninyi akina mama, akina baba, msiingize mbaula ya makaa ndani ya nyumba iliyofungwa ili kupata joto. Hewa ya makaa haina harufu, nayo inaua watu usingizini. Kama nyumba fulani haina cha kujifunika, waambieni mashemasi mapema.

Mimi siku ile ile nilibeba blanketi nikalipeleka. Nilisimama nje kama Torati inavyosema. Mama hakunishukuru sana, wala hakupaswa kunishukuru. Alilipokea, akaita watoto, akasema, "Leo mtalala." Nilirudi nyumbani nikitembea pole pole.

Usiku ule miguu yangu ilisikia baridi, lakini nililala.

Tuombe: Ee Bwana, utusamehe tulichoshika kisicho chetu. Uwafunike wote wanaolala katika baridi, wa kusini na wa hapa kwetu. Utupe mikono ya kurudisha kabla jua halijatua. Kwa jina la Yesu, Amina.

Mchungaji wenu