Je, Tuwachagulie Vijana Wetu Vitabu?



Swali hili tumeulizwa na wazazi mara nyingi, nasi twaona yafaa tulijibu kwa kalamu, maana jibu la mlangoni baada ya ibada huwa fupi mno. Mzazi ana kijana wa miaka 14 au 16. Kijana ameomba ruhusa ya kujiandikisha katika maktaba ya umma, na mzazi anasita. Asema, "Huko kuna vitabu vya kila namna. Viko vya mapenzi, viko vya dini nyingine, viko vya watu wasiomwamini Mungu. Nitajuaje anasoma nini?" Mzazi mwingine hana hofu hiyo, bali ana ya kwake: "Mtihani u karibu. Asome vitabu vya shule. Hadithi atasoma akimaliza."

Hofu hizi zote mbili zatoka katika upendo, wala hatuzidharau. Siku ya ubatizo tuliahidi kuwalea watoto hawa katika njia ya Bwana, na ahadi hiyo haikuwa maneno matupu. Lakini yatupasa kuuliza kama njia ya kuitimiza ni kufunga mlango.

Kwanza tukumbuke mlango wenyewe ulifunguliwa kwa ajili gani. Jijini Nairobi maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuketi ndani yake na kusoma. Kwetu Tanzania, sheria ya kuanzisha huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967, sikukuu ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam. Maana yake ilikuwa wazi: kitabu si mali ya tajiri, wala si mali ya rangi moja au dini moja. Mtoto wa mvuvi na mtoto wa mkurugenzi waweza kuketi meza moja na kusoma ukurasa ule ule. Kumzuia kijana asiingie hapo ni jambo zito, tusilifanye kwa wepesi.

Sasa tumtazame yule anayesoma kwa ajili ya mtihani tu. Ukiingia katika maktaba nyingi leo utawakuta vijana wengi, lakini wamekuja na madaftari yao wenyewe. Wametafuta kiti, mwanga na utulivu. Hatuwalaumu, kwa kuwa nyumba yenye chumba kimoja na watu sita haina meza ya kusomea. Ila rafu zimejaa, na mikono inayozigusa ni michache. Tukiwafundisha kwamba kusoma ni kujiandaa kwa maswali ya mtihani tu, watazoea kuwa swali siku zote hutoka kwa mtu mwingine. Kijana anayechukua kitabu ambacho hakuna mtu atakayemtahini huanza kujiuliza mwenyewe, na hapo ndipo dhamiri huanza kufanya kazi.

Chukueni mfano wa Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951. Kijana Karama ashitakiwa kwa kosa la kufundisha uanasheria. Ajitetea barazani kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali kutafuta mema, na waliporudi nayo wakatiwa gerezani. Mwandishi alikuwa Mwislamu. Je, kijana wetu Mkristo akikisoma atapungukiwa na nini? Atauliza kwa nini watu humwadhibu mleta habari njema. Sisi tulio na Msalaba madhabahuni tungefurahi kuulizwa swali hilo.

Wala jambo hili si geni katika Kanisa letu. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, na mwaka 1870 alichapisha kitabu cha hadithi alizosimuliwa na wenyeji: habari za masultani, za paa asemaye, za nyoka mwenye vichwa saba, za kima na papa. Hazikuwa hadithi za Kikristo, naye hakuziogopa. Baadaye, mwaka 1874, alifanywa Askofu. Lugha aliyojifunza kwa kuwasikiliza wasimulizi wale ndiyo aliyoitumia kutafsiri Maandiko. Kama angeziba masikio, Injili ingetufikia kwa Kiswahili kibovu.

Tena liko jambo lililo karibu zaidi nasi. Vijana wa umri huu huu ndio tunaowapeleka mbele ya Askofu kwa Kipaimara. Hapo twawataka wathibitishe kwa vinywa vyao wenyewe ahadi tulizowawekea walipokuwa wachanga. Je, yawezekana tuseme wamefikia umri wa kumjibu Askofu, kisha tuseme hawajafikia umri wa kuchagua kitabu? Aliyechaguliwa kila kitu atathibitisha nini?

Mtu atasema, "Na akisoma, akaiacha imani?" Hatutamdanganya. Yaweza kutokea, wala hatuna dawa ya kulizuia. Lakini kijana aliyekatazwa maktaba hakukatazwa kusoma. Simu i mfukoni, nayo haina mkutubi wa kumwambia, "Mwanangu, hiki bado, anza na kile." Tena si vitabu vyote vilivyo sawa, na mtoto wa miaka 13 si sawa na wa 18. Hatusemi basi kijana aachwe peke yake.

Tumkumbuke Filipo na yule Mwethiopia garini. Filipo alimkuta akisoma pasipo kuelewa. Hakumnyang'anya chuo, wala hakupita zake. Alimwuliza kama anaelewa, akapanda, akaketi karibu naye, wakaanzia pale pale alipokuwa akisoma. Hilo ndilo jibu letu kwa wazazi: tusiwachagulie, bali tuchague pamoja nao.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Mzazi na aende na kijana wake maktaba siku ya kwanza, amwone mkutubi, naye achukue kitabu chake mwenyewe. Mtoto asiyemwona mzazi akisoma hataamini kuwa kusoma ni jambo jema. Pili, jioni amwulize kijana habari za kitabu, si kama askari anayepekua mzigo, bali kama mtu anayetaka kusikia kisa. Tatu, walimu wa Kipaimara watenge nusu saa kila mwezi, vijana waeleze walichosoma, na maswali yao yasikilizwe hadi mwisho kabla ya kujibiwa.

Kijana mwenye maswali anayeuliza nyumbani yu karibu nasi kuliko yule anayenyamaza na kuficha. Bwana wetu naye, alipokuwa na miaka 12, alikutwa Hekaluni kati ya walimu, akisikiliza na kuuliza. Na atupe subira ya walimu wale.