Poda Kichwani, Maranda Miguuni

Matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotoka, mitaa ya Butembo hugeuka myeupe. Waliofaulu humwagiwa poda kichwani hadi kwenye kope, mama zao huwafuata wakiimba, na pikipiki hupiga honi njia nzima. Ni furaha ya haki. Tangu 2019 shule ya msingi imetangazwa kuwa ya bure, lakini minervale, yaani karo, ya sekondari bado ni mzigo wa mzazi: huyu ameuza kahawa, yule ameuza mbuzi mmoja mmoja mpaka zizi likabaki tupu. Siku hiyohiyo, nyumba ya pili, kijana aliyeacha shule anapiga randa ubao wa kitanda. Maranda yamemfunika miguu. Nyimbo anazisikia, wala hakuna anayemtazama.

Wazazi huniuliza baada ya misa: “Baba Padri, nimpeleke mtoto chuo kikuu au nimtafutie ufundi?” Nikimkumbuka kijana yule, nami nabaki na swali langu. Yupi kati ya wawili hawa tunampenda leo? Na yule mwingine, tunangoja afanye nini kwanza?

Siidharau shule hata kidogo. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza jimbo letu la Butembo-Beni kuanzia 1966 hadi 1997, aliiamini kwa moyo wote, ndiyo maana mwaka 1989 alianzisha Chuo Kikuu Katoliki cha Graben hapahapa kwetu. Lakini ni yeye huyohuyo aliyewahimiza waamini washike majembe watengeneze barabara, bila kuingoja Serikali. Kwake kitabu na jembe havikugombana. Wala elimu haikumpatia maisha laini: mwaka 2000, akiwa Askofu Mkuu wa Bukavu, waasi walimfukuza huko kwa kuwatetea wanyonge, akaishi uhamishoni miezi kadhaa hapa Butembo.

Kule Beni, tangu Oktoba 2014, watu wanauawa vijijini na mashambani mwao, na maelfu wamekimbia. Wako walioacha kakao ikiiva mitini. Wako ambao diploma zao ziliungua pamoja na nyumba. Mshonaji anafika mjini bila cherehani, fundi wa ujenzi hana hata mwiko. Ujuzi humsaidia mtu kama huyo kusimama tena, na hilo si jambo dogo. Ila nimeona kwamba anayesimama upesi ni yule aliyepokewa: aliyepata jirani wa kumwazima cherehani jioni, kazi za mwenyewe zikiisha, na kumwachia taa.

Yesu alijulikana Nazareti kama seremala. Paulo alisoma Torati kwa Gamalieli, kisha akashona mahema Korintho nyumbani kwa Akila na Prisila. Sijui kama jioni walimwuliza shughuli ipi ina heshima zaidi.

Majeraha ninayoyakuta majumbani mara nyingi hayatokani na kukosa diploma. Yanatokana na neno la mzazi: “Pesa zangu zilipotea bure kwako.” Limesemwa mara moja tu, kwa hasira, na mtoto analibeba hadi naye awe na watoto wake. Mwenye diploma asiye na kazi ana mzigo wake pia. Anaona aibu kuomba hata sabuni, na kila mgeni anayeingia anamuuliza amefikia wapi. Hakumkosea mtu, lakini anaishi kama mwenye kosa.

Je, yuko mtoto ambaye moyoni mwako bado unamdai minervale ya zamani?

Kama yuko, wiki hii mtafute. Usianze na ushauri. Muulize kazi inaendaje, wateja gani wanamlipa vizuri na gani wanamzungusha, umsikilize mpaka amalize. Kama ni yule mwenye diploma, nenda naye sokoni au shambani siku nzima bila kumgusia habari ya ajira. Na kama mtoto mwenyewe ni wewe, na baba yako amekaa kimya siku nyingi kwa sababu hajui namna ya kuomba msamaha, mtangulie.