Je, Mwenye Ujira Mkubwa Ana Haki ya Kupumzika?

Ndugu mmoja katika darasa letu aliuliza suala ambalo tumeona lastahili kujibiwa kwa maandishi. Alisema: "Kibarua wa bandarini akilalamika kuwa hapati usingizi, twamhurumia, kwani ujira wake ni haba. Lakini hawa vijana wa mabenki makubwa ya New York na London, ambao mshahara wao wa mwaka mmoja kibarua hauoni kwa miaka mingi, walalamikia nini? Si wameuza kwa hiari yao?"

Kabla ya jawabu yatupasa tuijue kazi yenyewe, kwani kumhukumu mtu kabla ya kuijua hali yake si insafu. Vijana hawa hawakai dirishani kuhesabu noti. Kazi yao ni kutengeneza hesabu na maelezo ya makampuni yanayotaka kununuana au kukopa. Mkubwa husoma waraka jioni, akautia alama, na kijana hukesha akiusahihisha ili asubuhi uwe mezani. Mwaka 2021 vijana 13 wa benki ya Goldman Sachs, waliokuwa katika mwaka wao wa kwanza, walikusanya maelezo ya hali zao: kazi kiasi cha saa 95 kwa juma, na usingizi kiasi cha saa 5 kwa usiku. Gawanya saa 95 kwa siku 7, utapata zaidi ya saa 13 kila siku, pasipo siku ya kupumzika. Watu 13 si ushahidi juu ya benki zote. Lakini benki hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kuweka kanuni, mwaka 2013, kuwa vijana wasiwepo kazini tangu saa 3 usiku wa Ijumaa hata saa 3 asubuhi ya Jumapili. Na dawa haitafutwi pasipo ugonjwa.

Ama riba, hukumu yake yajulikana, na si maudhui yetu leo. Suala letu ni hili: je, hiari na ujira mwingi vyahalalisha kila kinachotakwa kwa mfanyakazi?

Rai yetu ni la. Mwenye kuuza huuza kilicho milki yake. Kazi ya mikono na ya akili mtu aweza kuikodisha. Ama mwili wake ni amana, nao una haki juu yake. Na wazazi, mke na watoto wana haki zao. Haki ya mwengine huwezi kuiuza, hata upewe bei gani. Baba aliyepokea dhahabu kwa jioni zote za mwanawe amepokea thamani ya kitu kisichokuwa chake.

Huenda mtu akasema: bidii ni sifa njema. Ni kweli, lakini na aitazame habari ya Jérôme Kerviel wa benki ya Société Générale ya Ufaransa. Mwaka 2007 karibu hakuchukua likizo. Mwenye kumtazama angedhani ni bidii. Kumbe likizo ingelimpa mwengine nafasi ya kuyaona mapatano aliyoyaficha. Januari 2008 siri ilifichuka, na benki ikatangaza hasara ya yuro bilioni 4.9. Ndiyo sababu benki nyingi huwalazimisha watu wa nafasi kama ile kukaa nje ya kazi majuma mawili mfululizo kila mwaka. Basi mapumziko si anasa ya mvivu. Ni mlango wa kuhesabiana.

Nasi tulio mbali na New York tusijione tumesalimika. Msomaji na amuulize mtumishi wa nyumbani mwake: waamka saa ngapi, walala saa ngapi, na mara ya mwisho kwenda kwenu ilikuwa lini? Ikiwa saa 95 ni dhulma kwa mwenye mali na hiari, tutasemaje kwa yule asiye na mali wala hiari, naye yumo jikoni mwetu?

Mwenyezi Mungu atujaalie kutimiza haki kabla hatujadaiwa. Amin.