Sekunde 90

Harusi ilifungwa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, siku ya Jumamosi. Jumatatu nikapanda minibasi kwenda Lilongwe, kilomita 45 hivi, kadi ya kamera mfukoni. Pale City Centre nina rafiki mwenye meza, umeme na intaneti isiyosuasua. Kompyuta yangu ilikuwa imeyagomea mafaili ya video ya MTS, na programu za kulipia si za watu kama mimi. Nikapakua FFmpeg, ya bure tangu Fabrice Bellard aianzishe mwaka 2000.

Kwanza nilibadilisha chombo cha faili tu: MTS ikawa MP4 kwa dakika chache, hakuna picha iliyoguswa. Kompyuta ikakwama vilevile. Kamera zinazotoa MTS zinabana video mno. Zinahifadhi picha moja nzima, kisha kwa zinazofuata zinaandika hasa kilichobadilika. Mkono ukisogea, unaandikwa mkono. Ukuta hauandikwi tena. Basi kila picha inaegemea nyingine. Nikazigeuza zote kuwa DNxHD, ambamo kila moja inasimama kwa miguu yake. Faili likavimba zaidi ya mara tano, lakini sasa ningeweza kukata popote.

Balaa lilianzia hapo. Baba wa bwana harusi alinipigia simu: "Mwanangu, yule umtoe." Yule ni mwanawe mkubwa, aliyesimama wakati wa baraka akamkumbusha mzee, mbele ya wageni, mambo yaliyotokea Uvira, Kongo. Sekunde 90. "Tumekwisha kusameheana. Yabaki ya nini?"

Mimi nimekulia kanisani, tukiimba kwamba Mungu anafuta dhambi. Jirani yangu Mwislamu ananiambia malaika wanaandika, na toba inafuta. Lakini tunaishi mahali palipokuwa gereza enzi za Kamuzu Banda, kabla ya wakimbizi kuletwa mwaka 1994, na wenyeji wanalieleza jina Dzaleka kuwa ni "sitarudia tena". Hayo ni maneno ya mtu anayekumbuka vizuri sana. Aliyesahau kosa lake angeapa kuacha nini? Mimi naona Mungu anafuta deni, habari yenyewe anaiacha. (Mchungaji wangu hakubali, naye amesoma kunizidi.)

Hata hivyo nilikata. Mzee ni mzee, na ndiye aliyelipa.

Jioni ya siku niliyopeleka nakala, yule mwana mkubwa akaja mlangoni kwangu. Nilidhani amekuja kushukuru.

"Kaka, kuna pahali baba ananishika mkono, analia."

"Ipo, sikuigusa."

"Nimeiona. Watoto wangu wameniuliza babu analilia nini. Nikakosa jibu."

Nikamtengenezea nakala yake, yenye sekunde zote. Baba hajui. Kadi ninazo mbili tu, na Jumamosi hii kuna ubatizo wa watu wengi. Hii ya harusi ingenifaa. Bado sijaifuta.