Kipi Hudumu Mfumo Unapobadilishwa

Kuboresha mfumo wa Linux ni kubadilisha karibu kila kitu kilichomo ndani ya kompyuta kwa nia ya kuiacha kompyuta ile ile. Ubuntu 22.04 ikipandishwa hadi 24.04, kiini cha mfumo ni kipya, maktaba za programu ni mpya, hata sura ya kioo huwa nyingine, na bado mwenye mashine anaiwasha na kuiita yake. Humo mna swali la kale: kitu kilichobadilishwa viungo hubaki kile kile kwa sababu gani? Plutarch, mwandishi wa kale, anasimulia kwamba wanafalsafa wa Ugiriki walibishana juu ya merikebu ya shujaa Theseus, iliyobadilishwa mbao kidogo kidogo. Wao waliweza kuendelea kubishana. Fundi wa kompyuta hana nafasi hiyo, kwa maana kabla ya kuanza kazi lazima ajue kipi kilindwe na kipi kiachwe kifutike.

Katika nchi ya Waduruma, mojawapo ya jamii za Wamijikenda wa pwani ya Kenya, upande wa Kinango, jibu moja limekuwepo muda mrefu. Kaya Gandini na Kaya Mtswakara ni miongoni mwa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008, pamoja na Kaya Kinondo ya Wadigo kule Diani. Zamani kaya zilikuwa vijiji vyenye boma. Watu walihama, wakajenga mashambani, nyumba zikaoza na miti ikafunga uwazi. Hata hivyo hakuna mzee anayesema kaya imekwisha. Nyumba ya fito na udongo hujengwa popote. Makaburi ya wazee na fingo, kago ambalo masimulizi husema lilitoka Singwaya, asili yao ya kale, na kuzikwa ardhini, hayana pengine pa kupatikana. Tena ipo miiko: mti usikatwe, njia ya kuingilia isibadilishwe. Kaya ni kile kisichorudishika kikipotea, pamoja na kanuni za kukiendea.

Kipimo hicho kinaifaa kompyuta kuliko kile cha kuhesabu viungo. Programu za Debian au Ubuntu zimewekwa kwenye hazina za mtandaoni, na mamilioni ya mashine duniani zina nakala zile zile. Zikifutika, hupakuliwa tena. Amri ya apt-mark showmanual hutoa orodha ya zile zilizotiwa alama kuwa zimewekwa kwa kuchaguliwa, zikiwemo za mtumiaji mwenyewe, na orodha hiyo, ambayo ni kurasa chache tu, ndiyo inayostahili kutunzwa. Data ni habari nyingine. KenyaEMR, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa unaotumika katika vituo vingi vya afya nchini Kenya, umejengwa juu ya OpenMRS na kwa kawaida huendeshwa kwenye Ubuntu, kumbukumbu zikiwa katika hifadhidata ya MySQL. Tarehe ambayo mama mmoja wa kijijini alianza dawa, na uzito wa mtoto wake kliniki kwa kliniki, haviko katika hazina yoyote ya mtandaoni. Ni amana. Kurani, katika aya ya 58 ya sura An-Nisaa, inaamrisha amana zifikishwe kwa wenyewe, na amri hiyo haimwachi nje mtunza mashine.

Hapa ndipo wengi hukosea kwa nia njema. Hunakili folda ya /home na kuamini wamenakili vyote. Hifadhidata ya MySQL hukaa /var/lib/mysql, na kuinakili ikiwa inaandikwa hutoa nakala iliyovunjika. Njia salama ni kuitoa kwa amri ya mysqldump, kisha kuiingiza faili hiyo kwenye mashine nyingine na kufungua kumbukumbu chache kuhakikisha zimo. Chombo cha kubebea nacho kina mipaka: flashi ya kawaida yenye mpangilio wa FAT32 haibebi faili moja inayofika GB 4, na haihifadhi habari za nani mwenye faili na nani aruhusiwe kuisoma. Data inaweza kufika salama huku mlango wake umeachwa wazi.

Je, kilichorudishwa kutoka kwenye nakala ni kile kile, au ni mfano wake? Swali hili liligawa wanafikra wakubwa wa Kiislamu katika suala la ufufuo. Ghazali, katika Tahafut al-Falasifa aliyoimaliza mwaka 1095, alijibu kwamba mtu ni yule yule kwa nafsi yake, si kwa mwili; nafsi ikirudishwa katika mwili wa maada ile ya kwanza au maada nyingine, mtu ni yeye. Ibn Rushd alimjibu kwamba kilichokwisha kutoweka hakirudi chenyewe, na kinachorudi ni mfano. Mashine haina nafsi, wala haifai kuuvuta mjadala wa Akhera mpaka kwenye diski. Lakini ubishi wenyewe unasaidia kuona jambo moja: pingamizi la Ibn Rushd lina uzito mkubwa kwa miili na uzito mdogo kwa maandishi. Msahafu uliochapwa Cairo na ule ulioko kifuani mwa hafidhi wa Msambweni ni Kurani moja, maana andiko ni herufi zake na mpangilio wake. Kumbukumbu ya mgonjwa iliyorudishwa herufi kwa herufi ni kumbukumbu ile ile, bila upungufu.

Mipangilio ni ngumu zaidi kuamua, kwa kuwa si data tupu wala si programu. Kila mstari ndani ya /etc, folda ya mipangilio ya mfumo, uliobadilishwa kwa mkono ni uamuzi wa mtu: printa ipi itumike, nani aingie, lugha ipi ionekane. Aliyechagua sw_KE, yaani Kiswahili cha Kenya, hakuchagua pambo. Kwa hiyo mfumo unapoboreshwa na kukuta faili ya mipangilio iliyoguswa, husimama na kuuliza: ibaki ya mwenyewe au iwekwe mpya ya watengenezaji? Kujibu ndiyo kwa kila swali bila kusoma ni kufuta maamuzi ya watu wengine. Kung'ang'ania ya zamani kila mara nako si uaminifu, kwa sababu toleo jipya huenda limeziba tundu la usalama ambalo mstari wa zamani unaliacha wazi. Inapasa kulinganisha mbili hizo mstari kwa mstari, na kuuliza uamuzi wa kwanza ulikusudia nini. Mipangilio ya mtumiaji mmoja mmoja hukaa kwenye faili zilizofichwa ndani ya /home, zinazoanza na nukta, na ndizo zinazosahaulika haraka.

Kinabaki kisa cha nakala mbili. Mfumo mzima ukinakiliwa kwenye kompyuta ya pili, zote mbili zina data na mipangilio sawasawa, na kipimo cha kilichomo ndani hakiwezi kuzitenganisha. Linux huweka utambulisho katika /etc/machine-id na katika funguo za SSH, njia ya kuingia kwenye mashine kwa mbali, na pacha akianza kazi yake lazima apewe vipya, la sivyo mtandao unaweza kuzichanganya mashine mbili kama moja. Utambulisho, basi, una upande wa pili usiokuwa kumbukumbu: nani anamjua nani, na nani amekabidhiwa nini. Na pale mfumo ulipohamishiwa diski mpya, diski ya zamani haiwi takataka kwa sababu tu mpya inafanya kazi. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakataza kuweka taarifa za mtu kupita muda unaohitajika. Kwa hiyo diski hiyo hufungiwa kabatini mpaka mfumo mpya uthibitike, kisha hufutwa kabisa kabla ya kuuzwa au kutolewa.