KAZI YA KRUPIE: JE, MSHAHARA WOTE NI MMOJA MBELE YA MUNGU?



Siku moja baada ya ibada, binti mmoja wa kanisa letu hapa Uvira alikuja mbele ya wazee pamoja na mama yake. Ana diploma ya serikali ya masomo ya biashara, na tangu aipate anakaa nyumbani. Kaka yake aliye Kampala amemwita: kule kazino moja inafundisha vijana kazi ya krupie, yaani mtu anayegawa karata na kuzungusha gurudumu la ruleti. Mafunzo ni ya majuma machache, na anayefaulu anapata kazi. Binti aliuliza neno moja: «Bapapa, niende ama nisiende?»

Mzee mmoja akajibu upesi: «Kamari ni zambi, maneno yamekwisha.» Binti akasema kwa heshima: «Papa, mimi sitacheza. Nitahesabu tu.» Hapo sisi wote tukanyamaza. Kwa sababu hiyo ninaandika.

Kwanza tuijue kazi yenyewe, maana si vizuri kuhukumu kitu tusichokijua. Krupie hachezi. Anajifunza kuhesabu jetoni kwa vidole, kuchanganya karata, na kushika malipo kichwani: kwenye ruleti namba moja inalipa mara 35, namba mbili pamoja mara 17, tatu mara 11, nne mara 8, sita mara 5. Akitoka mezani anafungua viganja vyake, ili kamera zione kwamba hakuficha kitu. Kwa karata za 21 hana hata uchaguzi: kwa kawaida kanuni inamwamuru achukue karata nyingine akiwa na 16, asimame akifika 17. Ni kazi ya akili na ya uaminifu. Watu wengi wa ofisi hawachungwi namna hiyo. Tena serikali zinaikubali: Kenya ilitunga sheria ya michezo hiyo mwaka 1966, Tanzania mwaka 2003, Uganda mwaka 2016.

Binti angeweza kututolea hata Maandiko. Katika Luka sura ya 3, watoza ushuru na askari walimwendea Yohana Mbatizaji wakamwuliza wafanye nini. Yohana hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze kupita kiasi, wasionee watu. Basi, kama mtoza ushuru aliweza kubaki kwenye meza yake kwa haki, kwa nini krupie asibaki kwenye meza yake kwa haki?

Hapa tutazame vizuri. Shauri la Yohana linaponya kazi ambayo ubaya wake unatoka katika udanganyifu. Ushuru ukitozwa kwa haki, unaweza kujenga barabara. Lakini ruleti ikichezwa kwa haki yote, inafanya nini? Gurudumu lina namba 37, tangu 0 mpaka 36. Weka franka moja juu ya kila namba: umetoa 37. Namba moja inashinda, unapewa 35 pamoja na franka yako moja: 36. Moja imebaki kwa mwenye nyumba. Hakuna aliyeiba. Mtu anaweza kushinda siku moja, lakini mwenye nyumba anashinda mwaka. Basi mkono safi wa krupie hauondoi hasara ya mchezaji. Unaifanya itembee kwa utaratibu tu.

Kuna fundi mwingine katika Maandiko, Demetrio wa Efeso, Matendo sura ya 19. Kufua feza ni ufundi mzuri, na hatuambiwi kwamba alipunja mtu. Shida yake ilikuwa hii: watu wakifunguliwa, yeye anakosa chakula. Alikasirika kwa sababu watu waliamini! Kazi inayotufanya tuogope kuokoka kwa jirani, hiyo ni kazi ya kuogopwa.

Sisi Wakimbangu tumepewa maneno matatu: Bolingo, Mibeko, Misala, Upendo, Amri, Kazi. Papa Simon Kimbangu mwenyewe, kabla ya ule mwaka 1921, alishuka Kinshasa kutafuta kazi, basi hatuwezi kumcheka anayesafiri kwa ajili ya mkate. Lakini tuangalie mpango wa maneno hayo: Kazi inakuja ya tatu, na inapimwa na yale mawili.

Ninapendekeza kipimo kimoja ambacho hata mtoto anaweza kushika: je, ninaweza kumwombea mteja wangu arudi kesho? Mama anayeuza ndagala Kalundu anaomba hivyo bila haya, maana mteja akirudi, watoto wake wamekula. Mlimaji wa mpunga wa Ruzizi anaomba hivyo. Lakini krupie, akimwona baba wa watoto ameweka mshahara wake mezani, ataomba nini? Akiomba baba huyo aende nyumbani asirudi, anaomba juu ya hasara ya bwana wake. Akiomba arudi, anaomba juu ya hasara ya jirani. Na mdomo wake hauna ruhusa ya kusema: «Papa, inatosha.»

Wengine watasema: mchezaji ni mtu mzima, amejitakia. Ni kweli kwa sehemu. Lakini sheria ile ya Uganda inakataza asiyetimiza miaka 25 asicheze. Kwa hiyo hata wenye kuruhusu mchezo wanajua kwamba kutaka kwa mtu si kutosha. Tena wazee hawajasahau Bindo ya Kinshasa mwaka 1991. Watu waliweka feza kwa mapenzi yao wakingoja irudi mara nyingi, na yote ikaanguka. Mapenzi yao hayakupunguza machozi yao.

Mtu akiuliza kama nsinsani yetu, vikundi vikishindana kutoa, si mchezo wa feza pia, nitamjibu: pale anayeshinda ndiye aliyetoa zaidi, wala hakuna anayengoja kuokota cha mwenzake.

Basi mimi ningemwambia binti asiende. Lakini habari haikwishia hapo. Tulipokuwa tungali kimya, mama yake alisimama akauliza: «Mkimkataza, mtamuwekea nini mkononi?» Wandugu, hakuna mzee aliyejibu. Kabla ya vita ya 1996 kiwanda cha sukari cha Kiliba kililisha jamaa nyingi za pande zetu. Vijana wa leo wamekisikia kama hadisi. Katazo lisilo na mkate ni Amri bila Upendo, na sisi tulipewa yote mawili.

Tena tujiulize: akienda, kiisha akatuma sadaka yake, tutaipokea? Tukiipokea na kuisifu kwa fanfare, huku tukisema mkono wake ni mchafu, sisi nasi tumeketi kwenye meza ile ile.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Tusimtupe, akienda ama akibaki. Akienda, tumwombee siku ya kuweza kutoka. Na kabla ya kumjibu, kila kikundi kitoe kidogo, ili anayejua hesabu za biashara apate mtaji wa kuanza na magunia machache ya mpunga. Akishika daftari la biashara hiyo, atatumia akili ile ile aliyotaka kuipeleka kwenye ruleti. Na usiku ataweza kuwaombea wateja wake warudi.

Bwana atupe Kazi isiyoogopa Upendo. Amina.