Gobori la Kweli, Hadithi ya Uongo

Katika maduka ya vitu vya kale Mji Mkongwe, baina ya majambia, saa za ukutani na makasha ya misumari ya shaba, hapa na pale utakuta bunduki imening'inizwa. Nyingine ni gobori la karne ya 19 kweli. Nyingine ilitengenezwa juzi kwa ajili ya wageni. Mwenye jicho lililozoea hachukui muda kuzitenga.

Huanza ndani ya mtutu. Wa kale ulifuliwa na mhunzi. Wa bandia mara nyingi ni bomba la maji, na ukimulika tochi unauona mshono wake umenyooka kama uliopigwa rula. Kisha tundu linalopitisha moto kuingia kwenye baruti. Baruti hula chuma, kwa hiyo bunduki iliyofanya kazi ina tundu lililolika na kupanuka. Kutu ya miaka mingi huchimba vishimo visivyolingana. Ya tindikali hutandaa sawasawa kama rangi. (Ila kwa hewa yetu ya chumvi hata baiskeli ya mwaka jana huonekana ya enzi za Sayyid Barghash, basi kutu peke yake si shahidi.) Mwisho ni mbao. Kitako cha kweli kimelainika pale kilipokaa bega, shavu na kiganja. Fundi wa kughushi hukichakaza kila mahali, kwa sababu hajawahi kuibeba bunduki hiyo kwenda nayo popote.

Hayo ni maarifa ya macho, na yanafundishika. Kinachonisumbua ni kwamba ukishayajua yote, bado hujajua ghushi yenyewe iko wapi.

Chukua gobori lililofaulu mitihani yote. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza hapa Unguja, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Nyingi zilikuwa mali iliyopitwa na wakati Ulaya, au mali rahisi iliyotengenezwa makusudi kwa soko la Afrika. Mji wa Liège, Ubelgiji, ulikuwa na mafundi wengi wa kazi hiyo, na baadhi ya bunduki zao waliziandika neno Tower pamoja na taji, alama za ghala la silaha la serikali ya Uingereza mjini London, ili mnunuzi wa mbali adhani anapata bunduki ya jeshi. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulipokuja kubana biashara hiyo, uliharamisha hasa bunduki za kisasa, zile zenye shabaha. Magobori yaliachiwa mlango chini ya masharti.

Basi gobori halisi la Unguja huenda lilizaliwa likiwa na uongo kwenye chuma chake. Mimi nasema ni halisi hata hivyo, na uongo wake ni sehemu ya uhalisi wake. Alama ile ya kughushi leo inatuambia ukweli: jinsi viwanda vya Ulaya vilivyomwona mnunuzi wa huku, aliyelipa kwa pembe za ndovu, na pembe zile zilifikaje pwani na juu ya mabega ya nani.

Wengi wetu tulisimuliwa madrasa kisa cha Mtume kutia mkono katika rundo la nafaka sokoni, vidole vikatoka na unyevu, akamuuliza muuzaji kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione. Nafaka yenyewe ilikuwa nafaka kweli. Kosa lilikuwa katika mpangilio: kikavu juu, kilicholowa chini.

Kwa kipimo hicho, muuzaji wa bunduki ya bomba la maji anayesema, "Hii mpya, sheikh, ni pambo tu," ana mikono safi. Mwenzake aliyeshika gobori la kweli na kunong'ona kuwa lilikuwa la Tippu Tip ndiye mghushi, hata kila skrubu ikiwa ya kale.

Najua jibu litakalokuja: mgeni ananunua hadithi, anafurahi, nani kaumia? Lakini Hamed bin Muhammed, ndiye Tippu Tip, aliyefia mji huu mwaka 1905, si mhusika wa ngano. Vita vyake vya bara vilikuwa na watu upande wa pili wa mtutu, na wengine walifikishwa Unguja, ambako soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873 tu. Vizazi vyao wamo humu mitaani. Kuipa bunduki yoyote ile jina lake ili bei ipande ni kuuza vifo vya watu ambao hata majina yao hatuna, kwa mtu atakayevitundika sebuleni.

Kijikaratasi cha haki kingekuwa kifupi. Alama ya ukaguzi ya Liège, herufi ELG ndani ya duara la yai, iliongezewa taji mwaka 1893. Isiyo na taji ni ya kabla ya hapo. Kwa hiyo: "Gobori. Liège, kabla ya 1893. Alama ya Tower ni ya kuigiza. Mwenyewe hajulikani." Muuzaji atakwambia kwa maneno hayo hapati hata nusu ya bei, na pengine ni kweli.